Wonder Wheel: Maneno ya Woody Guthrie Mikononi mwa The Klezmatics

Albamu ya Wonder Wheel, iliyotolewa na bendi ya The Klezmatics ya New York mwaka 2006, ina nyimbo 12 ambazo umri wake ni mgumu kuutaja. Maneno yake yaliandikwa na Woody Guthrie katika miaka aliyoishi ufukweni mwa Brooklyn, yakabaki kwenye makaratasi bila mahadhi. Muziki wake ulitungwa na wanabendi wenyewe, karibu miaka 40 baada ya mwandishi huyo kufariki dunia. Kwa hiyo msikilizaji anapewa nyimbo mpya zenye maneno makongwe, zilizopigwa na watu ambao ujuzi wao mkubwa ni klezmer, muziki wa harusi na sherehe wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, juu ya mashairi ya mtu anayehesabiwa kuwa miongoni mwa mababa wa muziki wa jadi wa Marekani. Swali la mhakiki ni kama vitu hivyo vimeoana au vimewekwa tu pamoja. Mimi naona vimeoana, na sababu yake haimo katika ala wala katika studio, bali katika maneno yenyewe.

Wengi wanaomfahamu Guthrie wanamfahamu kama mwimbaji wa vumbi na barabara. Alizaliwa Okemah, Oklahoma, mwaka 1912, akazishuhudia dhoruba za vumbi zilizowang'oa wakulima wa nyanda za Marekani katika miaka ya 1930 na kuwasukuma hadi California, na nyimbo alizorekodi mwaka 1940 kuhusu wakimbizi hao ndizo zilizompa sura ambayo haijafutika mpaka leo: mtu mwembamba mwenye gitaa mgongoni, asiye na makao, anayewatetea vibarua. Sura hiyo si ya uongo, lakini inaacha nje miaka mingi ya maisha yake. Mwaka huohuo wa 1940 alihamia New York, na baadaye akamwoa Marjorie Mazia, mcheza dansi wa kundi la Martha Graham, aliyetoka katika familia ya Kiyahudi. Wakakaa Mermaid Avenue, Coney Island, mtaa wa wahamiaji ulio karibu kabisa na bahari, na mama mkwe wake, Aliza Greenblatt, aliishi jirani. Bibi huyu alikuwa mshairi wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na baadhi ya mashairi yake yalitiwa muziki na kuimbwa sana na watu wa lugha hiyo. Mtu wa Oklahoma akajikuta anakula chakula cha Sabato kwa wakwe zake, anazungumza ushairi na mama mkwe, anasoma historia ya Wayahudi, na mwishoni mwa miaka ya 1940 anaandika nyimbo za Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi ya taa, kwa ajili ya watoto. Yeyote anayedhani kwamba klezmer imepachikwa juu ya Guthrie kwa nguvu hana budi kuanza na jambo hili.

Namna maneno hayo yalivyofika kwa bendi nayo inastahili kusimuliwa, kwa kuwa inaeleza mengi kuhusu sauti ya albamu. Guthrie hakuwa mtu wa kuandika muziki kwa noti. Aliandika maneno, tena kwa wingi wa ajabu, na mahadhi akayabeba kichwani au akayaazima kutoka kwenye wimbo ambao kila mtu alikwisha kuujua. Ugonjwa wa Huntington ulimdhoofisha polepole, ukamlaza hospitalini miaka mingi, na ulipomwua mwaka 1967 mahadhi mengi aliyokuwa nayo kichwani yaliondoka naye. Yaliyobaki ni maneno ya nyimbo karibu 3,000. Binti yake, Nora Guthrie, alipozipanga nyaraka za baba yake katika miaka ya 1990, aliamua kwamba maneno yasiyo na mahadhi yasifungiwe makabatini kama masalio, bali wapewe wanamuziki walio hai wayatie muziki kwa namna yao. Matunda ya kwanza yaliyosikika kote yalikuwa albamu ya mwaka 1998 ya Mwingereza Billy Bragg na bendi ya Wilco, iliyopewa jina la Mermaid Avenue. Inachekesha kidogo kwamba albamu hiyo yenye jina la mtaa haikuwa na wimbo wa Guthrie unaouhusu mtaa wenyewe. Wimbo huo ulibaki ukiwasubiri The Klezmatics.

Nao The Klezmatics hawakumfikia Nora kwa kumtafuta baba yake. Katika miaka hiyo walikuwa wakishiriki mradi wa klezmer wa mpiga fidla mashuhuri Itzhak Perlman, ulioanza mwaka 1995, na miongoni mwa nyimbo walizozipiga jukwaani ulikuwamo mmoja wenye maneno ya Aliza Greenblatt. Nora aliwaeleza kwamba mshairi huyo ni bibi yake mzaa mama, na kwamba baba yake ni Woody Guthrie. Kwa hiyo bendi ilikuwa imekwisha kuimba maneno ya mama mkwe kabla ya kukabidhiwa maneno ya mkwe, na nadhani ndiyo maana wanamwimba Guthrie bila ule woga wa mgeni aliyeingia nyumba asiyoijua.

Bendi yenyewe ilianzishwa mwaka 1986 katika East Village, New York, wakati ambapo vijana wengi wa Kiyahudi wa Marekani walikuwa wamekwisha kuanza kuifufua klezmer kutoka kwenye santuri za babu zao. The Klezmatics hawakutaka kuwa walinzi wa makumbusho. Albamu yao ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilichukua jina lake kutoka kwenye kaulimbiu ya wanaharakati waliopinga ukimya kuhusu UKIMWI, ikaitamka kwa Kiyidishi, na tangu hapo siasa za wanyonge hazikuondoka katika kazi zao. Wapigaji waliokuwamo wakati wa Wonder Wheel ni watu wazima katika fani: Lorin Sklamberg kwenye sauti na kodiani, Frank London kwenye tarumbeta, Matt Darriau kwenye klarineti na saksafoni, Lisa Gutkin kwenye fidla, na Paul Morrissett kwenye besi na tsimbl, ala yenye nyuzi nyingi zinazopigwa kwa vijiti. Kazi ya kutunga mahadhi waligawana wenyewe kwa wenyewe, na waliongeza wageni wawili ambao mchango wao si mdogo: Susan McKeown, mwimbaji kutoka Ireland, na Boo Reiners, mpigaji wa gitaa na banjo aliyezoea muziki wa kantri.

Ugumu wa kuchanganya klezmer na Americana, yaani muziki wenye mizizi katika nyimbo za jadi za Marekani, ni wa kiufundi kabla ya kuwa wa utamaduni. Nyimbo za vijijini za Marekani, zile zilizozaa kantri, bluegrass (ndugu yake wa kasi wa banjo, fidla na mandolini) na nyimbo za waandamanaji, zimejengwa juu ya ngazi rahisi za sauti na kodi tatu au nne za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza kwa wiki kadhaa. Nguvu yake imo katika maneno na katika wepesi wa kila msikilizaji kuimba pamoja. Klezmer inaegemea ngazi nyingine, na mojawapo, inayoitwa freygish, ina mruko mpana kati ya sauti ya pili na ya tatu, mruko ambao wasikilizaji wa taarab watautambua mara moja kwa sababu ndio ule wa maqam ya hijaz, mojawapo ya ngazi za muziki wa Kiarabu. Juu ya ngazi hizo fidla na klarineti huweka madoido, hasa lile liitwalo krekhts, ambalo ni kama kwikwi ya mtu anayelia huku akijizuia. Ukiitia kwikwi hiyo katika kila mstari wa wimbo wa kantri, unapata kichekesho. Ukiiondoa kabisa, unabaki na bendi nyingine ya kantri yenye tarumbeta.

Kichekesho hicho, kwa kweli, kilikwisha kufanywa na mabingwa. Mickey Katz, mpiga klarineti na mchekeshaji, alipata umaarufu katika miaka ya 1950 kwa kuzichukua nyimbo zilizovuma Marekani nzima, ule wa shujaa wa mipakani Davy Crockett ukiwamo, na kuzigeuza kuwa mizaha ya Kiyidishi yenye klezmer kali katikati. Kizazi cha baadaye kilichukua njia ya ustadi wa vidole. Andy Statman alianza kama mpigaji wa mandolini ya bluegrass, akaenda kujifunza klarineti kwa mzee Dave Tarras, bingwa wa klezmer, na akazipiga fani zote mbili kwa kiwango ambacho wachache wamekifikia. Margot Leverett, mmoja wa waanzilishi wa The Klezmatics, baadaye aliunda kundi lililounganisha klezmer na bluegrass waziwazi, tena kwa ala tupu. Hizo ni kazi nzuri, nami nazirudia mara kwa mara, lakini ndani yake mitindo hiyo miwili inakutana ikiwa imevaa sare zake: sasa banjo, sasa klarineti, na msikilizaji anapiga makofi kwa sababu ameuona mshono. Katika Wonder Wheel mshono ni mgumu kuuona, maana kinachounganisha ni maneno ya mtu mmoja aliyeishi pande zote mbili.

Mfano bora ni wimbo wa pili, Mermaid's Avenue, ambao ni wimbo wa mtaa kwa maana kamili. Guthrie anautaja mtaa wake kwa kuorodhesha vyakula vya mataifa vinavyokutana hapo, chachu na tamu pamoja, bia na divai zikitiririka kuelekea baharini, kisha anakiri kwa dhihaka kwamba katika mtaa huo wenye jina la nguva hajawahi kumwona nguva hata mmoja, ingawa wachawi amewaona, na papa mmoja au wawili. Bendi haikuuandama wimbo huu kwa klezmer peke yake. Imeupa mwendo wa sherehe ya barabarani ambamo tarumbeta na saksafoni zinaruhusiwa kupiga kelele, na pigo lake lina joto la visiwa vya Karibi kuliko baridi ya Ulaya Mashariki. Uamuzi huo ni wa busara. Coney Island ya miaka ya 1940 haikuwa kijiji cha Kiyahudi. Ilikuwa mahali pa starehe pa watu wasio na fedha nyingi, wenye asili za kila namna, na gurudumu kubwa la kupanda watu, lililosimama hapo tangu 1920 na ambalo ndilo lililoipa albamu jina, lilimbeba yeyote aliyekuwa na nauli. Wimbo unaosifu mchanganyiko ungekuwa umejipinga kama ungepigwa kwa mtindo mmoja safi.

Kabla ya hapo, albamu inafunguliwa na Come When I Call You, na ni mlango usiotarajiwa. Ni wimbo wa kuhesabu, wa namna ile ambayo watoto hufundishwa ili wajue tarakimu, na kila namba inapewa kitu chake. Namba ya kwanza ni ya mtoto mchanga, ya pili ni ya mapenzi ya wawili, na hapo msikilizaji ametulia. Namba ya tatu inaleta meli za kivita baharini, na kuanzia hapo vita haviondoki. Desturi ya nyimbo za kuhesabu ipo katika muziki wa jadi wa Kiingereza uliovuka bahari kwenda Marekani, na ipo vilevile katika karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, ambako namba zinahesabiwa kwa kupanda huku meza nzima ikiitikia. Bila kutangaza lolote, bendi imeuweka mwanzoni wimbo ambao desturi zote mbili zinaweza kuudai. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hawakuuongezea machozi. Maneno yanatisha ya kutosha, na ala zinatembea taratibu kando yake kama kwamba kinachohesabiwa ni vitu vya kawaida.

Gonna Get Through This World, ambao mahadhi yake ni ya Lisa Gutkin, ndio wimbo ambao ningempa mtu asiyejua chochote kuhusu bendi hii wala kuhusu Guthrie. Maneno yake ni machache mno: mtu anasema atapita katika dunia hii kadiri awezavyo, halafu anaongeza sharti, kama ataweza, halafu anajipa moyo kwamba anadhani ataweza. Waandishi wengi wa nyimbo za matumaini wangeliondoa sharti hilo la katikati. Guthrie, ambaye mama yake aliuawa na ugonjwa uleule uliokuja kumwua yeye, aliliacha. Gutkin ameliheshimu: mahadhi yake hayapandi juu kwa ushindi pale yanapofika kwenye ahadi, yanabaki palepale, katika upole ambao ungeweza kutoka milima ya Appalachia au Ireland, na fidla yake inapoingia kati ya beti, kwikwi ya klezmer inasikika kwa kiasi kidogo sana, mwishoni mwa sauti moja moja tu, kiasi kwamba asiyeijua fani hii atadhani ni namna ya mpigaji ya kuvuta upinde. Hapa ndipo mchanganyiko ulipofaulu kuliko mahali pengine pote. Klezmer haikuwekwa kama pambo la nje, imekuwa lafudhi.

Holy Ground una mzigo mzito zaidi. Maneno yanachukua tukio la Musa mbele ya kijiti kinachowaka moto, katika kitabu cha Kutoka, anapoambiwa avue viatu kwa sababu mahali anaposimama ni patakatifu, na Guthrie analipanua agizo hilo mpaka kila mahali penye mwanadamu panakuwa patakatifu. Ni fikra ya mwanasiasa wa mrengo wa kushoto iliyovaa vazi la Torati, na inaonyesha jinsi alivyoyasoma maandiko ya wakwe zake bila kuacha kuwa yeye. Sklamberg anauimba kwa sauti yake ya juu, nyembamba na safi, ambayo watu wamezoea kuisikia katika nyimbo za Kiyidishi za ibada na za mapenzi. Sauti hiyo haina hata chembe ya vumbi. Guthrie mwenyewe aliimba kwa puani, kwa ukavu, kama mtu anayetoa taarifa, na wapo watakaosema kwamba Sklamberg anayafanya maneno kuwa mazuri kupita kiasi. Katika wimbo huu sikubaliani nao, kwa sababu maneno ni ya sala na yanahitaji mwimbaji anayejua kusali. Katika nyimbo nyingine mbili tatu pingamizi hilo lina uzito.

Uzito huo unaonekana zaidi katikati ya albamu. Baada ya Goin' Away to Sea, wimbo wa kuaga unaokumbusha kwamba Guthrie alitumikia meli za mizigo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zinafuatana nyimbo kadhaa zenye mwendo wa wastani, zikiwamo Orange Blossom Ring na From Here On In, ambazo kila moja ni nzuri ikisikilizwa peke yake lakini zikipangwa pamoja zinapunguziana makali. Gitaa na banjo ya Boo Reiners zinazifanya zisikike karibu sana na kantri ya kawaida, na bendi yenye wapigaji wa ngazi hii inarudi nyuma na kuwa wasindikizaji wenye adabu. Adabu si kosa, ila hapa imezidi. Guthrie alikuwa mtu wa vurugu, mwenye ucheshi mkali na hasira za ghafla, na maneno yake yanavumilia kugombana na muziki.

Lawama yangu kubwa ni nyingine, nayo inahusu kitu ambacho hakimo. Kila wimbo kati ya hizo 12 una maneno ya Guthrie. Hakuna hata mmoja wa ala tupu. Klezmer, kwa asili yake, ni muziki wa ala kwanza: dansi ya freylekhs inayowainua wageni vitini, hora inayochechemea kwa mapigo yake matatu, doina ambayo mpigaji mmoja anaipiga bila kipimo maalumu huku wengine wakishikilia sauti moja chini yake. Wapigaji hawa ni mabingwa wa hayo yote, na mtu anayeanzia kuwasikiliza hapa hatayajua. Doina moja fupi ya klarineti ya Darriau kabla ya Holy Ground, au dansi moja kamili inayochomoza kutoka mwishoni mwa Mermaid's Avenue, ingeipa albamu pumzi na ingeonyesha upande wa pili wa mchanganyiko. Naelewa kwa nini haikufanyika: mradi ulikuwa wa maneno ya Guthrie, na heshima kwa nyaraka ilikuwa ya kwanza. Hata hivyo Guthrie mwenyewe, aliyeazima mahadhi ya watu bila haya, nadhani angekuwa wa kwanza kuwaambia wayaweke maneno pembeni kwa dakika nne.

Kuhusu McKeown, nakiri kwamba nilitilia shaka haja ya sauti ya Kiayalandi katika kazi ambayo tayari ina mataifa mawili. Shaka hiyo haikudumu. Sauti yake ina uzito wa chini ambao Sklamberg hana, na wawili wanapoimba pamoja panatokea mgongano mzuri wa mwanamume mwenye sauti ya juu na mwanamke mwenye sauti yenye udongo, kinyume cha ilivyozoeleka. Isitoshe, Ireland si mgeni katika hadithi hii, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyimbo za vijijini za Marekani ambazo Guthrie alilelewa nazo zilitoka visiwa vile, na banjo inayosikika kando yake ina asili yake katika ala za Afrika Magharibi zilizobebwa na watu waliofanywa watumwa. Hicho kinachoitwa Americana kilikuwa mchanganyiko muda mrefu kabla ya The Klezmatics kukigusa.

Wenye kugawa tuzo hawakuliona jambo hilo kwa namna hiyo. Mwezi Februari 2007 Wonder Wheel ilishinda Grammy katika kipengele cha albamu bora ya kisasa ya muziki wa dunia. Yaani maneno ya mzaliwa wa Oklahoma, yaliyoandikwa Brooklyn kwa Kiingereza na kupigwa na bendi ya Manhattan, yaliwekwa kwenye rafu ya muziki wa nchi za mbali, kwa sababu tu ya jina la bendi na klarineti. Usiku huohuo kulikuwa na kipengele cha folk ya kisasa na Americana, na aliyekishinda ni Bob Dylan, mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa Guthrie na mjukuu wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki. Sina ugomvi na ushindi wa yeyote kati yao. Ninaona tu kwamba rafu hizo mbili zilitenganishwa na ubao mwembamba sana.

Albamu inao pia Headdy Down, wimbo wa kumbembeleza mtoto alale, na kati ya vita, bahari na maandiko, kumkuta Guthrie akiwa baba tu ni jambo lililofikiriwa vizuri. Mtu anayetaka kuununua muziki huu leo ataupata kwa njia zote za kawaida za kusikilizia muziki, na ushauri wangu ni kwamba asiuchukue peke yake. Bendi hiyohiyo ilitoa albamu ya nyimbo za Guthrie za Hanukkah, inayoitwa Woody Guthrie's Happy Joyous Hanukkah, nayo ina kila kitu ambacho Wonder Wheel ilikikosa: kelele za shaba, mwendo wa dansi, utani wa watoto, na nafasi kwa ala kuzungumza zenyewe. Ndani yake umo The Many and the Few, simulizi ndefu ya vita vya Wamakabayo, Wayahudi wa kale ambao ushindi wao huadhimishwa katika Hanukkah, iliyoandikwa kwa mtindo uleule wa tenzi ambao Guthrie aliutumia kusimulia habari za majambazi na wachimba migodi, na mtu akiusikiliza mara baada ya Holy Ground ataelewa upana wa kile mtu huyu alichokipata kwenye meza ya mama mkwe wake. Maneno ya albamu hiyo ni mepesi zaidi, na baadhi yake hayana uzito wowote nje ya sikukuu yenyewe. Anayeipenda klezmer kwanza aanze na hiyo, kisha aje Wonder Wheel. Anayempenda Guthrie kwanza afanye kinyume chake, na asishangae kama wiki ya pili atajikuta anatafuta rekodi za Dave Tarras.